Chenga Mbele ya Wakwe

Kijiwe chenyewe kinaitwa Fifi, na mkulima yeyote wa pamba hawezi kuuliza kwa nini. Pamba safi huwekwa huku. Fifi, ile yenye madoa na takataka, huwekwa kule. Kijiwe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali nyuma ya ghala la zamani, hapa Bariadi mjini, na maneno yanayotoka juu yake hayajawahi kupanda daraja. Ubavuni kuna karakana ya Salvatory fundi baiskeli: turubai, beseni la maji na sanduku la spana. Maige huleta birika la kahawa kabla jua halijawa kali, na akishamimina kikombe cha kwanza, kikao kimefunguliwa. Mzee Bujiku wanamwita Mizani, kwa kuwa aliwahi kupima pamba ya chama cha msingi na tangu hapo anaamini kila jambo lina kilo zake. Januarius ni Taarifa. Habari humfikia kabla haijatokea. Salvatory ni Breki, kwa kuwa breki za baiskeli anazifunga vizuri na mdomoni hana hata moja. Lakini asubuhi hiyo Breki alikuwa ameinamia gurudumu kimya, anahesabu spoku ambazo hazikuwa na tatizo.

— Taarifa, mwaga, — alisema Mizani. — Usituchujie.

— Namwaga. Dutwa nzima haina habari nyingine. Wakwe wa Breki walikuja Jumapili kumwona Scola bintiye, anayeposwa. Wakakaribishwa, wakala wali, wakala kuku, wakanawa. Mwisho wakaletewa makombo.

— Makombo ya nani?

— Hapo ndipo Dutwa wanapouliza.

Birika la Maige lilisimama hewani.

— Si makombo, — alisema Salvatory bila kuinua kichwa. — Ni kitu cha matunda. Mama Scola anakiita chenga za embe.

— Wageni wanasema waliambiwa makombo. Palepale mezani.

— Watu wa Dutwa wanasikia vibaya.

Hawakusikia vibaya. Salvatory ndiye aliyelisema neno hilo, kwa sauti ya kutosha, na mkewe Felisita akiwa mlangoni.

— Hebu tuelezee basi, — alisema Mizani. — Hizo chenga zinapikwaje?

— Embe mbivu zinakatwa, zinapangwa kwenye sufuria. Unakamulia ndimu. Juu unamwaga unga wa michembe uliochanganywa na karanga zilizotwangwa nusunusu, unauvurugavuruga na vidole mpaka uwe chengachenga. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Ule wa juu unakauka, embe chini zinalainika.

— Sukari kiasi gani?

— Hamna. Embe ina sukari yake.

— Mafuta?

— Kijiko.

— Kijiko kimoja? Kwa sufuria nzima? Kwa wakwe?

— Alifundishwa na bibi lishe, kwenye semina ya kina mama parokiani. Wanasema ni chakula chepesi.

Mizani aliweka kikombe chini. Neno hilo lilimgusa kwenye taaluma.

— Chepesi. Mtu ametoka Dutwa, amekaa kwenye basi na jogoo miguuni, unampa chepesi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nyie mmempa mkwe haba, mkampa na haba, kibaba kiko wapi?

— Tena michembe, — alisema Maige. — Michembe ni viazi vikavu vya mwaka wa njaa. Kwetu Mwamanyili ukimpa mgeni michembe, anajua mvua imekataa.

— Na chenga, — alisema Taarifa, — mimi chenga za mpunga nawapa kuku. Breki kawapiga wakwe chenga, wamebaki wanatafuta mpira.

Walicheka wote. Salvatory naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichochelewa kwisha.

Ukweli ulikuwa mfupi. Wakati wa mavuno, nesi alimwambia Salvatory ana ugonjwa wa sukari. Naye alimwambia Felisita peke yake, akamkataza asimwambie mtu, hata watoto. Felisita hakulia. Alibadilisha jiko kama mtu anayebadilisha njia baada ya daraja kukatika: chai ikaja bila sukari, mchuzi ukaacha kuelea mafuta, ugali ukapungua sahanini na mchicha ukaongezeka. Ilipokaribia Jumapili ya wakwe alisema, “Wenzako watakula keki na kunywa soda. Wewe utakaa unawatazama midomo? Nitakupikia kitu cha kula nao.” Sufuria ya kwanza iliungua. Ya pili ilitoka na harufu iliyomleta jirani mpaka kwenye ua.

Siku ilipofika, Felisita aliiweka mezani karibu na mumewe. Baba mkubwa wa kijana anayemposa Scola akaiangalia. “Mkwe, hicho ni nini? Mbona kimesogezwa upande wako?” Salvatory aliona swali hilo linakoelekea. Lingefika kwenye ugonjwa, kutoka kwenye ugonjwa lingefika kwenye ukoo, na kutoka kwenye ukoo lingefika kwenye damu ya Scola na watoto ambao bado hajawazaa. Akacheka. “Ah, hayo ni makombo tu. Kina mama wanajaribujaribu.” Akasukuma sufuria kwa kiwiko, akavuta soda, akanywa mbele yao wote. Baada ya neno hilo hakuna mgeni aliyenyoosha mkono. Felisita aliingia, akachukua sufuria yake, akatoka.

Hakununa. Aliamkia, alifua, alipika. Ila tangu Jumatatu chai ya Salvatory inaletwa na sukari ndani, kama ya mwanamume yeyote, na mafuta yamerudi kuelea. Alipouliza, mkewe alijibu akiendelea kuchambua mchicha, “Si ulisema ni makombo. Nimeacha.” Salvatory akainywa ile chai. Aliinywa na leo asubuhi.

— Mimi nina maelezo, — alisema Mizani. — Shemeji Felisita ana akili kuliko sisi. Mtu akila kizito, kichwa kinakuwa kizito, anabishana mahari mpaka jioni. Akila chepesi, na kichwa kinakuwa chepesi, anakubali kila anachoambiwa. Mwenda pole hajikwai.

— Mwenda pole anaingiaje hapo? — aliuliza Maige.

— Ameenda pole. Hakujikwaa. Sikiliza vizuri.

— Mimi sikubali, — alisema Taarifa. — Angalieni kitu chenyewe. Unga juu, matunda chini, hakuna chumvi, hakuna sukari. Binadamu gani anakula hivyo? Hicho si chakula, ni tambiko. Wazee wa zamani waliwapa wahenga wao unga mkavu, wakanyamaza. Na wale wakwe ni Waprotestanti, wameokoka nyumba nzima. Unadhani kwa nini hawakugusa?

— Shemeji ni mwanakwaya, Taarifa, — alisema Mizani.

— Kwaya ni Jumapili. Wiki ina siku nyingine. Ng'ombe akivunjika guu, hurejea zizini.

Salvatory alifungua nati, akaifunga tena. Sentensi moja ingetosha kuwanyamazisha. Aliibeba mdomoni kama punje ya mchanga kwenye wali. Kuitema mbele za watu aliona aibu, na kuimeza hakuweza.

— Nyie mnaangalia karibu, — alisema Maige. — Bibi lishe katumwa na nani? Wamekuja kutufundisha wepesi, sukari punguza, mafuta punguza. Sasa jiulizeni. Mtu mzito hahamishiki. Wakishatufanya wepesi sote, upepo wa kiangazi unatubeba mpaka Maswa, mashamba yanabaki hayana watu, wanayapima upya.

Mizani alitafakari jambo hilo kwa heshima.

— Kilo hamsini, — alisema hatimaye. — Chini ya hamsini upepo unakubeba. Mimi niko salama.

— Breki je?

— Breki amepungua, — alisema Taarifa. — Suruali inashikwa na mkanda tu.

— Kazi, — alisema Salvatory. — Kazi nyingi.

Wakati huo mwanamke mmoja alifika akikokota baiskeli yenye tairi la nyuma lililolala chini. Kwenye keria alikuwa na kiroba cha dengu. Alikuwa mtu wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, vumbi la barabarani mpaka magotini.

— Mwangaluka, — alisalimia.

— Mwangaluka, mayu. Mama wa wapi?

— Kasoli. Naitwa Milembe. Fundi, hili limeniangusha pale darajani, nimelikokota. Lina pancha, sijui mbili.

— Kaa, mama, nalifanya sasa hivi, — alisema Salvatory, na alishukuru kupata kitu cha kushika.

Milembe alikaa mwisho wa ubao, akapokea kahawa. Watu wa Fifi hawawezi kumwacha mgeni bila kumlisha habari, kwa hiyo Taarifa alimsimulia yote tangu mwanzo, unga, karanga, kijiko kimoja, tambiko na upepo wa Maswa. Salvatory alichomoa tyubu, akaijaza upepo, akaizungusha kwenye beseni mpaka mapovu yakapanda. Alikwangua, akapaka gundi, akapuliza. Alitamani pancha ziwe kumi.

Milembe alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakushangaa.

— Kwani huyo mama alikuwa anampikia nani? — aliuliza.

— Wageni, mayu. Si nimekwambia, wakwe.

— Wageni wanapikiwa wali na kuku, umesema walikula. Hicho kingine kimetolewa sukari, kimetolewa mafuta, mtu amekaa anageuza makaa ya juu na ya chini. Mwanamke hajitesi hivyo bila mtu. Kina mwenyewe. Ndiye ninayemuuliza.

Walitazamana. Halafu wakamtazama Salvatory.

— Breki? — alisema Mizani.

— Sijui.

— Hujui?

— Alipika tu. Sijui alimpikia nani.

Maige alichungulia ndani ya birika lake kana kwamba ameangusha kitu humo. Taarifa alishusha kikombe polepole.

— Ngoja kidogo, — alisema, na sauti yake ilikuwa imeacha utani. — Mwenye nyumba anasema mkewe amepika kitu cha mtu maalumu, na mtu mwenyewe hamjui. Sasa kama si wageni, na si yeye mwenye nyumba…

Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Salvatory aliiona habari hiyo ikishuka ubaoni, ikivuka barabara, ikipanda basi. Ingefika Dutwa kabla ya chakula cha mchana, na ingefika ikiwa imenenepa. Felisita angeikuta kisimani.

— Mimi, — alisema.

— Wewe nini?

— Alinipikia mimi. Nina ugonjwa wa sukari, tangu wakati wa mavuno. Alitaka niwe na kitu cha kula mbele ya wageni. Na neno la makombo ni langu. Yeye aliita chenga. Makombo nilisema mimi.

Alikuwa hajawahi kulisema jambo hilo kwa sauti nje ya chumba chao. Alisubiri.

Mizani ndiye aliyeanza, kwa kicheko cha chini cha upendo, akainuka na kumpiga begani.

— Mmemwona mwanamume? Mmeona anavyojitwisha mzigo wa mkewe? Wewe, sukari? Juzi umebeba baiskeli mbili begani kutoka sokoni.

— Nasema kweli, Mzee Bujiku.

— Tunajua. Ndivyo inavyosemwa, hivyohivyo, bila kucheka.

— Mficha uchi hazai, — alisema Taarifa, amerudi kwenye furaha yake, — lakini mficha mke anazaa mpaka wajukuu. Breki, nimekuvulia kofia. Dutwa nitawaambia mimi mwenyewe: makombo aliyasema mume, mama wa watu aachwe. Wataamini wasiamini, heshima umeiokoa.

— Si heshima. Niko kwenye dawa.

— Na dawa ameweka. Sikilizeni anavyoishona. Hata mapindo ameweka.

Maige alimmiminia kikombe cha mwisho, machicha na yote, kwa kumtunukia, kisha akaligeuza birika kuonyesha kwamba limekwisha. Katika miaka yote ya Fifi hakuna aliyewahi kusifiwa kama Salvatory alivyosifiwa asubuhi hiyo. Walimsifu kwa mioyo safi. Kila neno lilimshusha kidogo zaidi, akawa hajui aweke wapi uso. Angekuwa ametukanwa angejua la kujibu.

Milembe peke yake hakusifu. Alikuwa anamtazama; alitazama mkanda uliokazwa mpaka tundu la mwisho, akatazama na midomo iliyokauka. Alikunywa kahawa yake, akafuta kikombe kwa upindo wa kitenge, akakirudisha kwa Maige.

— Fundi, — alisema taratibu, kama anayeuliza tairi limefikia wapi. — Ulikionja alichokupikia?

Taarifa aligeuka kumtazama Salvatory. Mizani naye akageuka. Salvatory aliizamisha tena kwenye beseni ile tyubu ambayo alikuwa ameshaiziba zamani.