Fundi Aliyepuliza Vumbi kwa Mdomo

Marehemu kaka yetu, ambaye gereji nzima ilimwita Kiganja, alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mshona nguo. Mimi ni dada yake anayemfuata. Nimeambiwa nifupishe, nami nitajaribu.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu alishtaki kwamba anakwangua dawati kwa wembe badala ya kuandika. Mama alimgombeza, kisha akamkabidhi meza ya jikoni ailainishe hiyo pia.

Mwaka 1985 aliingia gereji, kazi yake kulainisha puti, ile inayojazwa kwenye bodi ya gari palipobonyea. Alipiga msasa, akafumba macho, akapitisha kiganja. Kikikwama mahali, anaanza upya. Kompresa ya kupulizia vumbi ilikuwepo, ila alidai inatema maji na kuharibu puti. Basi alipuliza kwa mdomo, uso umekaribia bati, na vumbi likamrudia lote. Barakoa aliitundika kwenye msumari. Mtu atapulizaje amefungwa mdomo? Jioni alirudi na nyusi nyeupe, tukamtania kwamba kazeeka.

Tarehe 14 Desemba 1991 alimuoa wifi yangu, muuza vitambaa, wakajaliwa binti mmoja. Wifi hakucheka nasi. Kila asubuhi alikung'uta mto wa mumewe, ukatoa vumbi. Alimsihi aache kupuliza, naye akaahidi. Wapi! Binti alipokua alimfuata baba gereji, akaichukua kazi yote, na kupuliza kukiwemo.

Kikohozi kilianza mwaka 2019, kikavu. Kaka alisema ni mafua tu. Miaka ikapita, akawa hapandi ngazi bila kuketi katikati. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia wazi kwamba makovu yale hayafutiki. Siku hiyo nilimwona kaka yangu akiogopa. Alimwita binti yake kitandani.

"Mwanangu, usipulize."

"Sawa, baba."

Alifariki tarehe 3 Februari mwaka huu, alfajiri, kiganja kikipapasa shuka.

Jeneza hili mnaloliona limelainishwa na binti yake. Hakutaka mtu mwingine aliguse. Jana nilikwenda kumtazama. Alijaza puti kwenye nyufa, ilipokauka akapiga msasa, akafumba macho, akapitisha kiganja. Kisha akainama, akapuliza. Akakohoa, kikavu. Nikamuuliza kikohozi kimemwanza lini.

"Ni mafua tu, shangazi."

Jamani! Ameniomba nisiyasome haya mbele za watu. Nayasoma, akasirike akiwa hai.

Marehemu ameacha mjane, mimi dada yake, mjukuu anayejifunza kutembea, na binti huyu mnayemsikia akikohoa.

Kaka yetu apumzike kwa amani, na apumzike peke yake.