Ngumi Iliyoanzia Kisiginoni

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Dobi na sisi wanawe tulimwita Baba, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la mama yake la kufulia nguo, karibu na kituo cha treni. Alikuwa kitinda mimba. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki yeye akiwa bado anatambaa, kwa hiyo alilelewa na mama na sabuni.

Alimaliza shule ya msingi, akafaulu vizuri, lakini hakuendelea kwa sababu nguo zilikuwa nyingi kuliko mikono. Elimu iliyobaki aliipata uani. Siku moja mama yake alimkuta akipigapiga shuka mbichi kwenye jiwe huku anatweta.

"We mtoto, mbona unagombana na shuka? Mkono haupigi, mkono unafikisha tu. Anzia kisiginoni, kiuno kigeuke, mkono uache ulegee mpaka mwisho."

Alifanya vile alivyoambiwa, na maji yote yakamrukia mama yake usoni. Alichapwa, lakini somo lilikuwa limeshaingia.

Mchana alifua, jioni alijifunza ngumi kwa fundi viatu mmoja aliyekuwa bondia zamani. Kwa kuwa kuna watu waliosema mengi juu ya mkono wake wa kulia, na wengine wamekuja hapa leo wakiwa bado wanayasema, familia haitamung'unya maneno. Hakuwa na hirizi. Hakuwa na chuma. Uzito kidogo wa mkono alizaliwa nao, kama mwingine anavyozaliwa na sauti ya kuimba, na yaliyobaki yalikuwa kazi. Fundi viatu alizoea kusema kwamba wengi huikaza ngumi tangu nyumbani, ikifika imeshachoka. Dobi aliuacha mkono ukiwa mlegevu, akausukuma kwa mguu na kiuno, akaukaza palepale unapogusa kidevu. Zaidi ya hayo alikuwa na subira, akamwacha mpinzani aingie mwenyewe huku macho ya mpinzani huyo yamebaki kwenye mkono wa kushoto wa Dobi. "Ngumi unayoiona inakuuma tu," alikuwa akituambia. "Usiyoiona ndiyo inayokulaza."

Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1976 alipigania mkanda wa ubingwa dhidi ya bingwa aliyeitwa Nguzo, mtu ambaye hakuwa amewahi kuanguka. Nguzo alianguka raundi ya kwanza, kwa ngumi moja. Kabla hajainuliwa, meneja wake alikuwa ameshapiga kelele kwamba glovu za Dobi zina kitu. Waamuzi walipozifungua walikuta bandeji zina ugumu. Ni kweli, hatukatai. Mama yake Dobi alizifua siku moja kabla ya pambano, akazitia wanga na kuzipiga pasi, kama alivyofanya kwa kila kitambaa cheupe kilichoingia nyumba ile, hata leso za mafua. Kila anayejua pasi anajua pia kwamba wanga ukilowa jasho huwa uji. Chama cha ngumi hakikutaka kusikia. Kilimnyang'anya mkanda na kumfungia, kisha viongozi wakamwita pembeni: aseme hadharani kwamba mama yake alifanya makusudi, naye atarudishiwa kila kitu.

"Mama ameanika nguo za mji huu maisha yake yote," aliwajibu. "Hamtamwanika yeye."

Hakupanda tena ulingoni. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Mwaka uliofuata Nguzo mwenyewe aliingia uani kwetu na glovu begani na bandeji mpya za dukani. "Dobi, sipati usingizi. Nataka kujua nilipigwa na nini."

"Na mkono."

"Basi nipige tena."

Mama mtu aliwaonya wasimchafulie kazi. Nguzo alizinduka amelala juu ya shuka za hoteli. Akamtazama yule mama aliyesimama na ndoo, akamwambia, "Shikamoo mama. Ni ileile." Tangu siku hiyo akawa ndugu. Alikwenda kukieleza chama, akajibiwa kwamba uani si ulingo.

Tarehe 22 Desemba 1979 marehemu alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye kwanza alimkatalia katakata: "Mimi siolewi na mtu wa ngumi." Alimjibu kwamba nyumbani mikono yake ni ya kufua tu, na alitimiza. Majirani walipomcheka akianika nepi, aliwauliza nani anakuja kumsaidia. Wote wakakumbuka shughuli zao.

Machi 2021 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi. Alijifunza kufua kwa mkono wa kushoto, akitukaripia tulipotaka kumsaidia. Alifariki nyumbani asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, mkewe akiwa ameushika mkono ule wa kulia. Inatuuma sana. Mama bado anamimina vikombe viwili vya chai.

Juzi chama kilituletea mkanda ili uwekwe juu ya jeneza, kwa sharti moja: wasifu huu usiguse habari za bandeji, na zikiguswa, ibaki kwamba bibi yetu alikosa. Familia ilikaa kikao, lakini hakikuwa kirefu. Mama alisema, "Aliukataa akiwa hai, tena kijana, tena anautaka. Sasa nani amewaambia kufa kumembadilisha?" Mkanda umerudi na aliyeuleta.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada yake, na Nguzo, ambaye ameomba kushika jeneza upande wa mbele na amekubaliwa.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado hatujachoka.