Senti Kumi Isiyo na Tundu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Beverlyne niwekee mto mgongoni niketi, maana haya ninayotaka kuyasema siyasemi nikiwa chali. Phanuel, rudisha huo mlango. Najua mchungaji wenu yuko sebuleni anangoja nimalize, na anachongojea nakijua, lakini hii ni nyumba yangu mimi Kageha, na mwenye haraka ashike njia. Nimekataa kurudishwa hospitali kule Mukumu ili niseme haya nikiwa kwangu, basi msinikatize, pumzi yenyewe haitoshi kubishana.

Kwanza shamba, tulimalize. Miwa ya upande wa mtoni ni ya Phanuel, kama alivyotaka marehemu baba yenu. Nyumba hii na kipande chote cha mbele mpaka barabarani ni vya Beverlyne. Ndiyo, Beverlyne, binti, aliyerudi nyumbani na watoto wake, na sitaki kuona mtu akikunja uso hapa. Nimeshaandikisha kwa wakili mjini, na asiyependa na anune mpaka achoke.

Baba yenu mdogo Osiako atakuja matangani, hilo halina shaka, hajawahi kukosa mahali penye sufuria. Siku tulipomzika baba yenu, udongo ukiwa bado mbichi, alisimama mlangoni hapo akaniambia nichague, anirithi yeye au niondoke niwaache watoto. Nilimjibu kwamba nimechagua kulima, nikachukua jembe nikampita. Mpeni obusuma na ingokho, ugali na kuku, ashibe, lakini kipaza sauti msimpe. Mungu amenikataza kumchukia, ila kumsikiliza hakuniamuru.

Sasa tuje kwenye mkebe, kwa sababu huo ndio uliowakusanya, msijifanye ni ugonjwa wangu.

Nilikuwa msichana, nikiuza njugu na simsim sokoni Mumias, wakati wa zile senti kumi kubwa za shaba zenye tundu katikati, na sisi wauzaji tulizitunga kwenye kamba ya katani, tukajifunga kiunoni, mwizi atafute pa kuanzia. Siku moja natunga, moja ikanikatalia. Kuigeuza, naona pembe za ndovu ni zile zile, maandishi ni yale yale, lakini pale pa tundu pamejaa shaba. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakasema Kageha kauziwa mbuzi kwenye gunia, na mwenye duka nilipompelekea alinirudishia kwa kidole kana kwamba inanuka. Nikaifunga kwenye pindo la leso. Nilikuwa na hasira, lakini niliifunga.

Miaka ikapita, ndipo akaja Kibiwott, fundi saa wa kutoka Eldoret, aliyekuwa akizunguka masoko akinunua pesa kuukuu. Aliishika ukingoni kwa ncha za vidole, uso wa sarafu hakuugusa, akaigeuza upande wa pili, kisha akasema, “Mama, hii ni sarafu ya majaribio.” Akanieleza kwamba serikali ikitaka pesa mpya, mafundi huko ng'ambo hupiga kwanza chache za kujaribia, waone sura inakaaje na madini yanafaa au hayafai, halafu wakubwa wanazipitia, hii ndiyo, hii hapana, na zile za hapana zinayeyushwa. Yangu ilitoroka, nani ajuaye ilivyotoroka, ikafika Mumias kununua njugu. Kibiwott aliitaka sana. Nilimwambia kitu kilichoukimbia moto hakiuzwi, akacheka, na mpaka anakufa alikuwa rafiki wa nyumba hii.

Tangu hapo nikawa ninazitafuta. Ile shilingi iliyopigwa chapa upande mmoja tu, wa pili ukaachwa laini, niliipata Lugari, mama mmoja alikuwa ameishonea kwenye pindo la pazia ili pazia lisipeperuke. Ile yenye simba, iliyotengenezwa kwa shaba tupu badala ya fedha, niliibadilisha kwa jogoo. Zote hazijazi viganja viwili. Na katika miaka yote hiyo mlikula, mlivaa, mlisoma, na anayesema kuna siku alilala njaa kwa sababu ya mkebe huu aseme sasa hivi.

Haya, naendelea.

Nikaandika juu ya mkebe kwa mkono wangu: MAJARIBIO. Nawe Phanuel, mzee wa kanisa, ukasoma mbiombio, ukaenda ukawaambia mama ana mkebe wa majaribu. Mwanangu, ulikata mkia wa neno, na angalia lilivyogeuka! Jumapili ikahubiriwa kwamba Kageha ameficha pesa za majaribu, pesa ambazo hazijawahi kununua hata kiberiti, na za namna hiyo ni za nani kama si za shetani, na ndiyo maana mume alikufa mapema na binti akaachika. Sasa nimeletewa amri nikiwa kitandani: mkebe ukatupwe mtoni Nzoia, la sivyo kanisa haliniziki.

Basi lisinizike! Nilibatizwa kabla huyo aliyeketi sebuleni hajaota meno. Baba Yetu naisali mwenyewe, na nikifika pale pa majaribuni najua ninachoomba, kwa sababu majaribu nimeyaona. Majaribu yalikuwa Osiako mlangoni. Majaribu yalikuwa mwaka ule miwa ilipoungua yote nanyi mnanitazama. Hivi vipande vya shaba vimenikosea nini? Nilivipenda, nasema bila aibu, kwa sababu vilikataliwa na bado vipo. Siku za mvua, kazi zikiisha, nilivitandaza kwenye leso nikavitazama, nikafurahi tu. Mwanamke wa shambani naye anaruhusiwa kuwa na kitu cha kufurahia kisichopikwa wala kisichovunwa.

Beverlyne, najua ulidhani nitakupa wewe. Sikupi. Nampa Phanuel.

Usishtuke, baba. Uvute mkebe, uko chini ya kitanda. Ufungue. Miaka yote hii umeuogopa na hujawahi kuufungua. Toa hiyo senti kumi, ishike ukingoni... hivyo. Na msije mkazisugua kwa majivu kama sufuria, mtaziua. Itazame. Unaona shetani hapo? Mimi naona kazi ya mtu aliyeamka asubuhi akajaribu.

Sasa ni zako. Ukitaka kuzitupa, nenda kazitupe, lakini utakuwa unatupa mali yako kwa mkono wako, usije ukasema mama alikubali. Mimi sikubali. Hata nikiwa kaburini nimenyamaza, kunyamaza huko msikuhesabu kuwa nimekubali. Na ukizihifadhi, basi ujue utanizika wewe mwenyewe. Biblia unayo, sauti unayo. Kando ya baba yenu, mchana, jeneza la mbao za kawaida, na disko la matanga sitaki.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Phanuel, unaenda wapi... na mkebe? Beverlyne, amekwenda wapi? Masikio yangu yameanza kujaa, nisikilizie wewe. Amefungua mlango. Anaongea na nani? Sema polepole.

Amesema nini? Rudia, mwanangu.

“Mchungaji, nenda nyumbani. Mama nitamzika mimi.” Amesema hivyo? Phanuel? Mbele ya watu?

Muite. Muite upesi, alete mkono, nawe lete wako. Nataka kuwatemea mate ya baraka... kinywa kimekauka, yapokeeni hivyo hivyo. Mle jasho lenu. Nyumba yenu isikose mgeni wa heri. Asitokee wa kuwafukuza kwenu. Beverlyne, usimame kwako na watoto wako, usiombe radhi kwa mtu. Na wewe Phanuel... sogea, sikuoni vizuri... Mungu akupe watoto watakaosimama mlangoni kwa ajili yako kama ulivyosimama leo kwa ajili yangu.

Nilazeni sasa.