Tunaomba Kuupa Mji Kisogo

Mgeni rasmi, kitendawili. Akikupa uso anasikia hata pumzi yako. Akikupa kisogo, ulie usilie, hasikii. Ukishindwa hatukudai mji, maana wetu ni huo huo Musoma ulikotoka. Jibu liko juu ya paa la zahanati hii: antena. Karibu Kiriba, na pole kwa vumbi.

TULIKOTOKA
Miaka ile ya foleni ya sabuni, betri ziliadimika na simu ya upepo ikalala. Biashara ilipoachiwa, betri zikaja, na wanunuzi wa sangara wakaja na simu zao. Antena yetu ilikuwa fimbo iliyosimama, inasikia pande zote. Tulikuwaga tunaita mganga, tunajibiwa bei ya samaki.

MAFANIKIO
Fundi Apolinary wa Makoko alitufungia antena mpya, mfano wa mfupa wa samaki, ya kugeuzwa kwa mkono. Sauti inakwenda inakoelekezwa tu, inafika mbali, kelele za pembeni hazipiti. Wenzetu wa Mwaloni, kule ufukweni, wamekingwa na kilima. Wanaita Kilimani, hapa zahanati, Kilimani wanapeleka mjini.

MATATIZO
Kosa ni letu. Mkubwa hapewi kisogo, ndivyo tulivyolelewa. Tukaikaza antena hii ya Kilimani kwa bolti, uso Musoma, kisogo Mwaloni, ofisi yenu isije ikaita tusisikie. Ofisi ikafurahi, ikaagiza isilegezwe bila kibali.

Wakati wa masika Nyangi, mkunga wa Mwaloni, alishika simu tangu adhuhuri. Euphrasia alikuwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Nyangi akaita Kilimani, akabadili betri, akaita tena, huku akimwambia mzazi gari linakuja. Moyoni aliwatukana wenzake, akidhani wamefuata togwa. Kumbe Wambura, mhudumu wa zamu, alikuwa hapo hapo Kilimani, simu imewashwa, kimya. Jioni wakampakia Euphrasia mtumbwini. Mama tunaye. Mtoto hatunaye.

Matangani Euphrasia alimuuliza Wambura, "Shemeji, siku ile ulikuwa wapi?" Wambura akainamia chai yake.

MAOMBI
Hatuombi antena nyingine. Tunaomba kibali cha kulegeza bolti, tuupe mji kisogo wenzetu wanapoita. Fimbo ya zamani nayo isimamishwe pembeni, isikie pande zote, ndipo tujue pa kugeukia. Nanyi mkiita tutawasikia kwa hiyo hiyo.

Jana tukiisoma risala hii kwa majaribio, Nyangi alifika kwenye lile swali. Wambura akasimama, akamgeukia Euphrasia, akasema tuyaandike:

"Nilikuwepo, shemeji. Nilikuwa nasikiliza mjini. Na mjini siku ile hakuna aliyeita."

Mungu akufikishe salama, mgeni wetu, na mvua isikukute njiani.

Ni sisi, akina mama na wahudumu wa simu ya upepo, Kiriba, 1993.