Nyumba ya Mapipa Isijengwe Tena

Sogeeni karibu, Simeo, na wewe Rosina weka hilo bakuli la uji chini, siunywi, na anayetaka kulia atoke nje akalie kwa jirani, maana sauti yangu ndiyo hii mnayoisikia na sina nguvu ya kushindana na kilio cha mtu. Nimewaita hapa Kilole, chumbani kwa Simeo, kwa sababu nimesikia, wala msiniulize nimesikia kwa nani, kwamba mmeanza kuinyoosha ile nyumba ya mapipa kule bondeni, mnagonga misumari, mnafunga kamba mpya, mnataka masika yawakute mmekwisha kuhamia na watoto, eti mzee afurahi kabla hajafa. Sikufurahi. Mmenitia hofu ambayo sikuwa nayo hata siku daktari aliponiambia pafu moja limekwisha. Wosia wangu ni mmoja, mengine nitakayosema ni nyongeza: msirudi bondeni, na ile nyumba isijengwe tena.

Najua mnavyonong'onezana, kwamba mzee Bernardo Mhina akili zimemruka, mtu aliyeimba nyumba ya kuelea miaka yote leo anaikataa kitandani. Akili zangu zipo, Simeo. Pumzi ndiyo haipo.

Rosina ndiye aliyenitia wazo lile, na simlaumu. Alipoolewa Pangani, mlangoni mwa mto, alipewa nyumba nzuri, mnazi mbele, mnazi nyuma, bahari mbali kabisa. Kisha bahari ikaanza kusogea. Ikaangusha minazi ya mbele, ikala jiko, ikaja kwenye ukuta wa chumba cha kulala, mumewe akaondoka kwenda Dar kutafuta maisha na hakurudi, na mwanangu akashuka kwenye basi na godoro kichwani. Akaniambia, baba, ile bahari hairudi nyuma, na anayejenga upya anajenga chakula chake. Redio nayo ikasema hivyo hivyo, kwamba dunia inapata joto na bahari zinapanda. Mimi si msomi, sijui mambo ya bahari yanaufikiaje mto wetu huku Korogwe, ila niliona kwa macho kwamba mto nao ulikuwa haukai tena mahali pake, kila masika unachukua mgomba mwingine. Nikasema basi, binadamu amejenga juu ya ardhi vya kutosha, tujenge kitu kinachokubali kupanda.

Wakati huohuo shamba la mkonge nililolifanyia kazi ujana wangu wote likauzwa. Mnaukumbuka mwaka ule, kila kitu kilikuwa kinauzwa, viwanda, mashamba, hata viti vya ofisi, na sisi mafundi tukaambiwa tumepunguzwa, kana kwamba tulikuwa majani ya mche. Mwenye mali mpya akaniambia nichukue nikitakacho katika vyuma chakavu nyuma ya karakana. Wenzangu walichukua milango. Mimi nilichukua mapipa matupu na zile reli za vitoroli vya mkonge, na watu wakanicheka barabara nzima.

Wajukuu hamkuiona ilipokuwa mpya, kwa hiyo nisikilizeni. Mapipa niliyaziba kwa lami, nikayapanga safu kwa safu, nikayafunga kwa kamba za katani nilizozisokota mwenyewe. Juu nikalaza ile miti ya mkonge inayochipuka katikati, mikavu, myepesi kuliko mbao. Kuta za matete. Paa la bati, na pembeni mifereji ya kukingia mvua hadi kwenye pipa la maji ya kunywa. Masanduku ya udongo kidogo kwa mchicha na bamia, banda la kuku chini ya dirisha, kuku wakila mabaki na mboga zikila mbolea yao. Na kila pembe nilisimamisha reli ardhini, nikaivika nyumba pete za chuma, maji yakija ipande na reli, maji yakiondoka ishuke palepale, isitangetange. Tuliimba kujitegemea shuleni hadi sauti zikakauka, nikasema sasa siasa imeachana na neno hilo, acha mimi nilijenge. Nilipiga hesabu kwamba dukani tungefuata chumvi na kiberiti tu. Lo, nilikuwa na raha siku zile! Binamu yangu Ernesti akawa ananiita Nuhu mbele ya kanisa, watu wanacheka. Nikamwambia Nuhu aliambiwa na Mungu, mimi nimeambiwa na Rosina, kwa hiyo mimi nina haraka zaidi.

Halafu ikaja ile mvua ya Elinino. Simeo na Rosina, ninyi wawili mlikuwepo, lakini kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia, Simeo anasema pete ilikwama, Rosina anasema mapipa yalikuwa machache, na hivyo ndivyo mnavyojidanganya kwamba kuna kitu cha kurekebisha. Mapipa yalitosha. Pete zilikuwa nzima. Maji yalianza kupanda asubuhi, polepole, yakatupa nafasi, na hiyo nafasi ndiyo iliyotumaliza. Ukoo wote ulikuja kwangu, hata walionicheka, nami nikawapokea, kwa kuwa nilikuwa nimepiga hesabu ya watu. Sikuwa nimepiga hesabu ya makaburi.

Maana wazee walisimama pale wakaangalia upande wa mto, pale tulipowalaza watu wetu tangu babu wa babu, pale tunapomwaga unga na maji tukiwa na shida, padri akijua na kujifanya hajui, wakasema, tunaelea kwenda wapi na hawa tunawaacha na nani? Mara nikaona watu wanachukua majembe. Kila nyumba ikaenda kuchota udongo wa kaburi lake kwenye debe. Ernesti alikuja na madebe mawili, moja la baba yake, moja la mama yake, na safari hii hakuniita Nuhu. Dada yangu Matilda, shangazi yenu, alikuja na debe limejaa pomoni, amelikumbatia. Ningemwambia nini? Nimwambie mwanamke mzima amwage udongo wa mama yetu kwa sababu fundi hakuuweka kwenye hesabu? Wapi! Hata mimi nilikwenda na debe langu kwenye kaburi la mama yenu. Na leo wakija na madebe yao nitawapokea tena, na hilo ndilo ninalotaka mlishike.

Nyumba ilinyanyuka kiasi cha kiganja, ikalalia upande wa madebe, pete ikabana kwenye reli kwa sababu ya kule kulala, na maji yakapanda sakafuni. Tukapiga kelele, mwageni, mwageni! Matilda akasema, huyu ni mama, nimtupe? Akateleza naye majini. Nilimshika kitenge, kitenge kikabaki mkononi. Baada ya hapo watu wakaanza kusukuma madebe majini, wanalia, wanaomba radhi, na nyumba ikapanda. Ikapanda vizuri kabisa, sawasawa kama nilivyoichora. Tulikaa juu yake mpaka maji yaliposhuka, kuku wamekufa, maji ya kunywa yameingiliwa na tope, hakuna aliyenisifu kazi na mimi sikutaka kusifiwa. Tuliposhuka, ule ukingo wa makaburi ulikuwa umeondoka wote. Mama yenu hana kaburi. Nalisema wazi kwa sababu mnalizunguka, mnakwenda kila Jumapili kusimama kando ya maji mnaonyesha kwa kidole, alikuwa pale. Hayupo pale, wanangu. Mto umemchukua.

Sasa Rosina ananiambia, baba, safari hii tutakataza udongo. Mwanangu, utakataza kwa mdomo gani? Ukikataza udongo wataleta mafiga ya bibi, ukikataza mafiga wataleta kinu, ukikataza kinu atabaki mtu mmoja nyuma kulinda, na wewe ninavyokujua utashuka kumfuata. Sisi si watu wa kuelea. Nilijenga nyumba ya watu wasiokuwa na marehemu, na watu wa namna hiyo sijawahi kukutana nao. Na hayo mapipa mnayoyafunga kamba mpya, yamekwisha kwa kutu. Mwezi uliopita, nilipokuwa bado natembea, nilikwaruza moja kwa msumari na msumari ukaingia mpaka kichwani.

Mtaniuliza twende wapi. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Juu ya mlima kumeuzwa, mwenye mkonge mpya amezungusha waya hadi njia tuliyopitia kwenda kuokota kuni. Hapa Kilole ni chumba cha kupanga, mnalala watoto kwa zamu, na Simeo akikosa kuuza machungwa yake kwa wasafiri wa Segera siku mbili hamli. Imebaki Handeni, kwa wajomba zangu, mbele ya Mkata, kipande alichoachiwa mama yangu ambacho hakuna anayekitaka. Siwadanganyi. Ni pakavu. Mahindi huota yakafika magotini yakakauka, maji mtayafuata na punda. Saning'o, yule mfugaji tuliyekuwa tukinunua maziwa kwake zamani, jirani wa kipande kile, alikuja kuniona juzi, akakaa hapo alipokaa Simeo, nikamwuliza hali ya huko. Akasema, Mhina, mwaka huu nimechuna ngozi nyingi kuliko nilivyokamua maziwa. Kisha akacheka, akasema ukiniletea hiyo nyumba yako nitaweka ndama, maana kwetu haitaelea hata siku moja. Mwanamume yule ana roho nzuri. Mkifika, mumsalimu kwanza yeye kabla ya wajomba, atawaonyesha kisima ambacho bado kina kitu.

Kwa hiyo siwapeleki kwenye neema. Nawapeleka mahali ambapo kifo kinakuja polepole, na mtu akiona kinakuja anaweza kuhama tena. Kule bondeni hakuna muda huo. Ningekuwa na kitu bora kuliko hicho ningewapa, miaka yote nilidhani ninacho.

Vitu vyangu ni vichache. Simeo, chukua jiliwa langu la kubania vyuma na spana zote, huko Handeni watu wana baiskeli na pampu mbovu, hutalala njaa kila siku. Rosina, bati ni lako, liezue sasa kabla halijaibiwa, ujenge chumba chako, wala usisubiri mwanamume aje akujengee. Reli ziacheni zilivyo. Ernesti aje kwenye msiba, nimemaliza naye, ila asipewe nafasi ya kuhutubia. Na watani watakapokuja kusema kwamba Mhina ameyakimbia maji akaenda kuzikwa kwenye kiu, waacheni waseme, ndiyo kazi yao, wapeni chakula.

Ndiyo, umesikia sawasawa, Simeo. Kuzikwa. Msinizike bondeni... wala hapa Kilole. Naomba maji kidogo... basi, yanatosha.

Nawajua ninyi. Kwenye kaburi ndipo mnaporudi. Mkinilaza karibu na mto mtakuja kupalilia, mtapumzika, mtapanda migomba miwili, mtalala siku moja, na masika yatawakuta. Nilazeni Handeni. Nilitaka kulala na mama yenu, Mungu anajua... sina pa kumpata. Nipelekeni kwenye lori la mkaa likirudi tupu, mpitie Segera, Mkata, mwambieni dereva ukweli, wengine huogopa. Saning'o anajua pa kuchimba. Pale juu. Kuna mawe, itawachosha... chimbeni hivyohivyo.

Rosina, mkono wako. Huu ni wa nani? Mjukuu. Haya.

Mungu awape ardhi inayokaa mahali pake. Awape mvua ya kutosha, isizidi. Mpendane hata mkiwa na njaa... ndiyo ngumu hiyo. Aliyenikosea nimemsamehe. Ninyi hamkunikosea.

Simeo. Unamtazama dada yako. Nimeona... msidhani sioni. Mmekwisha kukubaliana, siyo? Mtakwenda bondeni.

Semeni hatwendi. Nisikie tu. Hata kama mnanidanganya, wanangu... semeni.