Kadi Nyeupe Kutoka Albertville

Kijiwe chetu kilikuwa pale barabara ya bandari inapokutana na ile ya stesheni, hapa Kindu, mbele ya chumba cha picha cha Florentin. Benchi lenyewe ni gogo la reli lililochoka, tumeliweka juu ya matofali. Saa kumi jioni Mama Euphrasie anashusha birika lake la kahawa, na sisi tunafika mmoja mmoja: Okito, tunayemwita Firimbi kwa sababu anafanya kazi stesheni na hajui kusema kwa sauti ndogo; Edouard, tunayemwita Dokta kwa sababu alisafisha chupa za hospitali miaka miwili; na miye Kalume, wananiita Posta, ninayepanga barua pale posta, nyuma ya dirisha la muzungu. Mwaka ule wa hamsini na nne mvua zilikuwa nyingi, Lualaba ilijaa, asubuhi ukungu ulikaa juu ya maji hadi saa tatu. Na sisi tulikuwa na habari moja tu ya kuongea: kadi za Musafiri.

Musafiri alikuwa mpiga picha wa Albertville, kule kwenye ziwa, siku tatu za treni kutoka kwetu. Yeye na Florentin hawakuwa wameonana hata siku moja. Muuza filimu mmoja aliyepita na mabegi yake ndiye aliyewapatia anwani. Tangu hapo, miaka mitano, kila mwezi kila mmoja alimtengenezea mwenzake kadi moja ya posta kwa mikono yake: anasafisha picha katika chumba cheusi, anaichapa juu ya karatasi nene, anaandika mistari miwili mitatu mgongoni, anabandika tembre, ile stempu ya posta, anatupa posta. Bila bahasha. Kwa hiyo mimi nilisoma wa kwanza, benchi likasoma wa pili, na Florentin wa tatu. Hakutukasirikia. Alikuwa mtu mpole, vidole vyake vya rangi ya dawa, na alishika kila kadi kwa pembe kama mtu anayeshika kifaranga.

Kadi za Musafiri zilikuwa safi hata ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la mtu aliyesimama ng'ambo ya uwanja. Halafu, mwisho wa mwaka uliotangulia, zikaanza kuingia ukungu. Ya Januari ilikuwa ya soko, na wanawake wa soko walionekana kama nguo zilizoanikwa ndani ya maji.

— Ni moshi, njo moshi, Firimbi akasema. Miye niko stesheni, najua. Gunia ya barua inakaa nyuma ya mashini yenye kuvuta treni. Siku tatu za moshi! Hata weye Posta, tukikuweka pale utafika huna pua.

— Moshi ungekaa juu ya karatasi, Florentin akamjibu polepole. Hii iko ndani ya picha.

— Basi njo ukungu ya ziwa, akasema Dokta. Imeingia ndani ya kamera. Na ukungu ikiingia mahali haitoke, inazaa. Ile kamera iko na mafua. Waifunike blanketi, waipashe moto kidogo, itapona.

Mama Euphrasie alikuwa anamimina kahawa. Hakuinua macho.

— Nyinyi munaona kamera tu. Ule muntu anapenda mwanamuke. Muntu mwenye kupenda, mikono inatetemeka.

— Lakini iko na miaka makumi tano na tano, Mama! Dokta akasema.

— Njo inatetemeka zaidi.

Tulicheka, Florentin hakucheka. Wiki ile alibeba kamera yake ya miguu mitatu mpaka bandarini, akapiga picha ya watu wanaopakia magunia ya mpunga, na mto nyuma yao. Aliisafisha picha mara tatu mpaka akaridhika. Mgongoni akaandika: «Ndugu Musafiri, kamera yako ina nini?»

Jibu lilifika baada ya mwezi. Mbele kulikuwa na kitu kirefu, pengine mti, pengine mnara wa kanisa, pengine mwanamke aliyebeba mzigo. Nyuma, maneno yalikuwa yameacha mstari, yanashuka kama watu wanaoshuka ngazi: «Kamera ni nzima. Asante kwa mto.»

— Kama kamera ni nzima, akasema Firimbi, basi njo mji. Albertville inaondoka. Polepole, mwezi kwa mwezi, inaenda ndani ya ziwa. Siku moja treni itafika pale ikute maji tu, na mashefu, wakubwa wa stesheni, watapiga firimbi bure.

— Mji inaenda wapi? Dokta akauliza.

— Nitajua miye? Inarudia kwao.

Siku ile na mimi nilitoa yangu, na leo bado inaniuma. Nilisema:

— Miye naona anapiga picha ya ndoto. Jioni anaweka kamera pale juu ya kitanda, anaifungua jicho, analala. Asubuhi anafunga. Njo maana hatuone sura. Nani anaona sura vizuri katika ndoto?

Hakuna aliyebisha. Kadi ilizunguka benchi zima. Firimbi alisema anaona kiwanja cha mama yake kule Lokandu, asubuhi kabla ya watu kuamka. Dokta aliona njia ya kwenda Kama aliyopita akiwa kijana. Mama Euphrasie aliishika karibu na mvuke wa birika, akasema kuna mtoto amelala. Nitasema ukweli: tuliupenda ukungu ule. Kila mwezi niliingoja kadi kwa hamu, nikitumaini ukungu umeongezeka.

Mwezi wa nne ikafika kadi nyeupe. Nyeupe kabisa, mbele na nyuma, isipokuwa anwani. Na anwani ilikuwa na mwandiko mwingine.

— Sasa ndoto imeisha, akasema Dokta. Amelala bila kuota.

Florentin aliichukua, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu na lenzi yake. Alipotoka hakukaa nasi. Alisimama mlangoni.

— Hii haiko karatasi tupu, akasema. Hii ni picha. Filimu imekula mwangaza mingi mpaka ikakuwa nyeusi, na filimu nyeusi inatoa karatasi nyeupe. Alipiga jua.

— Jua yenyewe?

— Aliweka kamera mbele ya jua. Hakuna mupiga picha anayefanya vile. Njo kitu cha kwanza tunakatazwa.

Mwezi wa tano hakuna kadi. Wa sita hakuna. Florentin alikuwa anakuja dirishani kwangu kila treni ikiingia, anatazama mikono yangu tu, anarudi. Mwishowe akaenda ofisi ya serikali kuomba karatasi ya ruhusa, maana zama zile mtu hakutoka Kindu kwenda Albertville kwa kupenda kwake. Wakamwuliza anakwenda kwa nani. Akasema kwa ndugu yake. Ndugu wa mama gani, wa baba gani? Wakamwambia arudi atakapojua.

Jua la mwezi wa saba lilikuwa limekausha barabara, siku alipofika msichana. Treni ilikuwa imeingia asubuhi. Alivaa gauni la bluu lililokunjamana kwa safari, na kifuani alikumbatia mkebe wa biskuti.

— Hodi kwenu. Natafuta Baba Florentin.

Florentin akasimama. Nadhani alijua ametoka kwa nani.

— Miye ni Jeanne, mutoto wa Musafiri. Baba anakusalimia sana.

— Yuko muzima?

— Mwili ni muzima. Macho njo yameisha.

Nilimwona Dokta anatazama vidole vyake vya miguu: miezi sita ya kusema juu ya mafua ya kamera, na hakufikiri macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

— Ilianza mwaka jana, Jeanne akasema. Hakutaka nyinyi mujue. Alisema, kama Florentin akijua ataacha kutuma. Akaendelea kupiga picha, anapima kwa hatua za miguu, anasikiliza watu wako wapi. Miye namusaidia ndani ya chumba cheusi. Mule hata wenye macho hawaone, alikuwa anafurahi mule.

— Na ile ya jua? Florentin akauliza.

— Ile ya mwisho. Kitu kingine chote kilikuwa kimeondoka. Alisema: nitamutumia Florentin ile kitu ninaona bado.

Florentin akageuka upande wa ukuta. Mama Euphrasie akamimina kikombe, akampa msichana, akarudi kukaa. Jeanne akatoa barua yenye muhuri wa misheni. Padri wa kule aliandika kwamba mgonjwa Musafiri anamwita Florentin wa Kindu, ndugu yake. Florentin aliisoma, akaikunja mara nne, akaiingiza mfukoni mwa shati na kuifunga kifungo. Ruhusa aliipata siku ya tatu, na Alhamisi niliwaona wawili hawa wanapanda treni, Florentin hakubeba kamera. Lakini hayo yalikuwa bado. Jioni ile Jeanne alifungua mkebe.

Kadi zote za Florentin zilikuwa mule, miaka mitano.

— Kila jioni Baba anachagua moja kwa mukono, miye namuelezea. Mto iko hivi, magunia iko hivi, watu iko kumi na mbili. Lakini hii moja haimuachi. Ananiambia niieleze tena na tena. Nikasema nitakuja kuuliza wenyewe.

Akaiweka juu ya goti lake. Ilikuwa benchi letu. Hatukukumbuka kwamba Florentin alitupiga picha. Firimbi kidole juu, mdomo wazi. Dokta ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nimejikunja kwa kicheko. Mama Euphrasie anacheka mpaka birika limeinama na kahawa inamwagika chini.

— Baba anauliza, siku ile mulikuwa munaongea nini?

Tuliinama wote juu ya kadi.

— Ilikuwa mambo ya ule kiboko wa bandari, Firimbi akasema.

— Kiboko ilikuja nyuma ya mvua kunyesha, akasema Dokta. Hapa ndani ya picha chini ni kavu. Labda harusi ya Adolphine?

— Siku ile Adolphine alikuwa hajaolewa, Firimbi akamjibu.

— Miye nakumbuka kucheka, Mama Euphrasie akasema. Tumbo iliniuma mupaka kesho yake. Lakini maneno… Kalume, weye unashikaka maneno ya watu.

Nilitafuta. Niliona midomo yetu ile wazi, nikaitafuta sauti yangu mwenyewe, nikaikosa. Tukamtazama Florentin.

— Miye nilikuwa chini ya kitambaa cheusi, akasema. Niliona midomo tu.

Jeanne alikuwa ameshatoa penseli. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, sisi tunaosema tangu saa kumi mpaka giza, kila siku ya Mungu. Barabarani baiskeli ilipita, ikaenda mpaka ikapotea.

— Musiharakishe, akasema. Treni ni Alhamisi.