Shangazi na Shingo ya Kamera

Miaka thelathini na mitatu ya utumishi itatimia tarehe 30 Juni, siku ambayo fundi mkuu wa karakana yetu ya vipimo atakabidhi funguo na kustaafu. Jina lililo kwenye faili lake wengi hatulitumii. Kuanzia meneja hadi mfagiaji, kwetu yeye ni Shangazi, na anaitika.

Alianza na mita za maji. Baadaye zikaja redio za mawasiliano, kisha kompyuta. Kila kilipoingia kifaa kigeni, alikizunguka kwanza kama mtu anayemkagua mkwe mtarajiwa, ndipo akakigusa. Idara iliponunua droni ndogo ya kukagua matangi na mabomba, ya aina ile wanayopigia picha za harusi, tulimtania kwamba sasa ataozesha matangi. Alicheka pamoja nasi, akakisoma kitabu cha maelekezo hadi jalada la nyuma, kisha akatuonyesha shingo ya kamera: kiungo chepesi chenye mota ndogo, kinachoituliza kamera droni inapoyumba. Akasema, "Panga la kuirushia likivunjika utaliona. Shingo ikiumwa, inakuonyesha uongo."

Mwaka juzi, msimu wa mvua, tuliyaelewa maneno hayo.

Asubuhi hiyo mlinzi wa pampu na mchomeleaji wetu walikwenda ng'ambo ya mto kuziba bomba lililopasuka. Mchomeleaji huyo ni mume wangu. Mimi ninayeandika ni karani wa stoo. Mchana mto ukafurika, daraja likazama, na simu zao zikawa hazipatikani. Tulikusanyika kwenye kituo kidogo cha idara kando ya mto. Mwendesha boti alikuwa tayari, lakini alisema wazi kwamba kwa mkondo ule angeweza kuvuka mara moja tu. Kama wako juu ya paa la nyumba ya pampu, angeshuka na maji. Kama wamekimbilia tangi la zamani kwenye kilima, angepanda. Akikosea, hakuna kurudi nyuma.

Mvua ilipopungua, droni ikarushwa kutoka juu ya boneti ya gari. Picha ilikuja imepinda, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Kwenye kioo cha rimoti likatokea onyo kwamba mota ya shingo imeelemewa. Meneja akataka iendelee hivyo hivyo.

"Hapana," Shangazi alisema. "Tutaona kisiki tudhani ni mtu. Ishusheni."

Nikamfuata hadi ndani ya ofisi ya kituo. "Shangazi, niambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba bado sijui, mwanangu. Kaa hapo, unishikie tochi."

Aliizima droni, akahakikisha kifuniko cha kuilinda kamera safarini kimeondolewa chote. Kilikuwa kimeondolewa. Akaisukuma kamera kwa ncha ya kidole, juu, chini, kushoto; kulia ikakwama. Akapiga magoti, akatazama kwa karibu, akatoa chembe ya mchanga kwa brashi laini. Akaiwasha tena. Onyo likaondoka, lakini picha bado ilitetemeka. Nje tulisikia mti mzima ukigonga nguzo za daraja. Niligeuka kutazama mlangoni, na mwanga wa tochi ukahamia ukutani. Hakunigombeza. Aliushika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akaendelea kukagua.

Ndipo akaona. Kamera ile inaning'inia kwenye vipira vinne vidogo vya kupunguza mtikisiko, na kimoja kilikuwa kimechomoka kwenye tundu lake, pengine droni ilipotua vibaya wiki iliyotangulia. Kukisukuma kwa kibano kungekichana, na cha akiba hatukuwa nacho. Akachomoa uzi kwenye pindo la mtandio wake, akaufunga kwenye kiuno chembamba cha kipira hicho, akaupitisha uzi tunduni, akavuta polepole. Kikaingia.

Ilibaki kuisawazisha kamera upya, na kazi hiyo inataka mahali palipo sawa, pasipotikisika. Alipima meza kwa pimamaji, akaweka kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja, akaanza. Kamera ikainama, ikainuka, ikageuka, kisha ikagoma katikati. Akaanza upya. Ikagoma tena. Mwendesha boti akachungulia mlangoni, akasema maji yanazidi kupanda. Shangazi alitazama droni, akatazama meza, kisha akainua macho taratibu.

"Meneja, naomba uondoe mkono wako mezani."

Meneja, aliyekuwa ameiegemea meza kwa wasiwasi, alirudi nyuma kama aliyegusa jiko la moto. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Tulicheka baadaye, na yeye akiwa wa kwanza. Mara ya tatu kamera ilimaliza mzunguko wake, ikatulia, ikatazama mbele.

Droni ikaruka. Picha sasa ilikuwa safi, tena safi mno, kwa sababu ilituonyesha paa la nyumba ya pampu likiwa tupu na maji yamefika kwenye ukingo wake. Niliketi chini. Shangazi aliigeuza droni kuelekea kilimani, akaipandisha taratibu. Kwenye ngazi ya tangi la zamani kulikuwa na koti la rangi ya chungwa. Ndani ya koti hilo alikuwamo mume wangu, amemfunga mlinzi kwenye ngazi kwa mkanda wake, mguu wa mlinzi umevunjika.

"Juu," Shangazi alimwambia mwendesha boti. "Kwenye tangi. Nenda."

Walirudi wote watatu. Walipokanyaga nchi kavu, Shangazi aliifunga droni kwenye mkoba wake, akaingia nyuma ya gari, akalia peke yake. Mlinzi bado anachechemea kidogo, na husema ndiyo sababu yake ya kutotumwa dukani.

Shangazi, wenzako wote wa idara wanakushukuru. Umetuambia kwamba ukistaafu utalala hadi jua litakapokuchoka, na hutaki kuona simu mbovu ya mtu yeyote. Tumekusikia, na tutajaribu. Uwe na afya, raha na amani katika maisha yako mapya. Na mlango wa nyumba yetu unaufahamu: mume wangu anasema usibishe hodi, ingia tu.